Mizani ya Bolakmin

Mimi ndiye mwenye mizani.
Hapa nauli haiangalii sura wala ukoo.
Panda kwenye sahani ya chuma na bilum yako mgongoni,
mshale utasema, nami nitaandika.

Uwanja wetu ni nyasi zilizoegemea mlima,
kichwa kwenye mwamba, miguu kwenye korongo.
Ndege hutua ikipanda na huruka ikishuka.
Ukishaupita ule mti mkavu
hakuna kughairi.

Huja Jumanne, mawingu yakiridhia.
Mbwa hujua kwanza, kisha watoto,
kisha ule mluzi mwembamba
kama birika lililosahaulika jikoni.
Injini moja. Pangaboi moja. Mabawa juu ya mabega,
na magurudumu nje muda wote,
kama mgeni asiyevua viatu kwa kuwa hakai.

Haina urembo. Viti vyake hung'oka kwa dakika kumi:
asubuhi ni basi, saa nne ni lori la mabati,
adhuhuri harufu ya mafuta ya taa na dawa ya vidonda.
Barabara hatuna. Kwa miguu ni siku sita,
mvua ikiwa na huruma.

Nimepima choo cha kauri cha zahanati.
Nimepima nguruwe aliyefungwa, akinitazama kama mdeni wake.
Mwalimu mpya: kilo sitini na mbili, vitabu tisini.
Aliondoka baada ya mwezi, hamsini na saba, bila vitabu.
Tomen nilimpima mara mbili:
kwenda, hamsini na nane;
kurudi, pamoja na mbao, sabini na moja.

Jumanne ile tulipakia kahawa.
Magunia yameshabanwa kwa wavu, mlango haujafungwa,
wakaja na Yemis juu ya machela ya miti,
uchungu siku ya pili, midomo myeupe.
Kapteni Nawes alitazama kitambaa cha upepo,
akatazama jua, akatazama nyasi zilizolowa,
akasema kwa sauti ya kuomba chumvi:
"Toa mia na ishirini."

Magunia mawili.
Yaliyokuwa mlangoni yalikuwa yangu.
Nisidanganye: nilichungulia kwanza
kama ya mtu mwingine yako karibu zaidi.

Yemis hakuweza kusimama kwenye sahani.
Basi nikambeba, nikapanda naye.
Mia moja ishirini na tisa.
Kisha nikajitoa:
sitini na tano ni mimi,
sitini na nne ni yeye, na huyo mwingine
ambaye daftari halina mstari wake.
Mama yake, hamsini na moja. Machela, nne.
Ikabaki kilo moja. Tukaweka blanketi.

Mluzi ukapanda hadi meno yakauma.
Ndege ikateremka, ikiruka matuta,
ikafika ukingoni, ikazama.
Hiyo ndiyo sehemu ambayo sijaizoea,
ule ukimya baada ya ukingo,
watu mia wameshika pumzi moja.
Halafu ng'ambo ya korongo, ndogo kama nzi,
ikaibuka.

Wiki ya tatu Yemis alishuka na bilum kifuani.
Akamlaza mtoto kwenye sahani yangu.
Mshale haukutikisika.
Mizani hii huanzia kilo tano.
Niliandika tano.
Kapteni aliona, akatia saini.

Kahawa yangu ilivunda.
Mnunuzi aliitia mkono, akanusa, akaniachia magunia.
Mwanangu Fiyam hajarudi shule muhula huu,
ananisaidia kufyeka uwanja.
Jana nilimkuta amesimama juu ya sahani peke yake,
panga bado mkononi,
akihesabu yeye ni magunia mangapi.

Nikamwambia aweke panga chini kwanza.
Hajafika gunia moja.