Nimeikalia

Mfamasia wa Tononoka alinipimia kidoleni,
toka ncha hadi mkunjo wa kwanza:
"Hiyo yatosha viwiko vyote viwili.
Wiki moja. Usoni, hasha."

Nilidhani ni ubahili.

Usiku wa tatu Shufaa alilala,
kucha zimetulia, shuka haina damu;
nami ndimi niliyekesha,
nikisikiliza asivyojikuna.

Leo asubuhi wifi kaja toka Kisauni,
harusi ya bintiye ni Ijumaa:
"Niazime ile tyubu. Wasema yang'arisha uso
kuliko liwa."

Nikamkumbuka Mwanakheri, mashavu yake
membamba kama ganda la kitunguu,
mwaka mzima wa dawa ya kuazima.

Nikampa kahawa. Nikampa halua.

Tyubu nimeikalia.