Kiti cha Mbele

Miezi mitatu nimeuliza gari,
na Nairobi nzima imenijibu.

Kisongochi wa benki akasema: umeme.
Alisema huku akichomoa waya ukutani, polepole,
kama anayemwachisha mtoto ziwa.
Tangu Machi hajui bei ya petroli.
Lakini Kisongochi ana ukuta. Ana geti na soketi yake.
Mimi nakaa Umoja, ghorofa ya nne;
waya wangu utapita dirisha la nani?
Na tokeni zikikatika saa nane usiku
nisukume gari, au nisukume mita?

Mutheki, wa meza ya pili kazini, akaapa kwa haibridi.
Kwenye foleni injini inalala, wewe unasonga.
Akanionyesha mshale mdogo wa kijani
ukitoka gurudumuni kwenda kwenye betri,
ukirudi, ukitoka tena.
Nikamuuliza: na betri ikifa?
Akawasha redio.

Fundi Okumba wa Kirinyaga Road
alifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono.
Nunua gari, akasema,
ambalo spea zake nazifuata kwa miguu.

Basi nikaenda Ngong Road, yadi ya kokoto,
magari yamepangwa kutazama barabara
kama wanafunzi siku ya mgeni.
Kijana wa viatu vya ncha akaniita bosi.
Hili, bosi, lilikuwa la mwalimu mstaafu huko Japani,
la kwenda sokoni tu.
Saa ya kilomita: elfu sitini na moja.
Mpira wa breki, umelika hadi chuma,
ulikuwa na habari nyingine.
Soko gani hilo, mwalimu, lililokuwa mbali hivyo?
Kioo cha nyuma kilikuwa na stika ya sungura
iliyokwanguliwa ikashinda mkwanguaji:
limebaki sikio moja.
Kuna mtoto mahali aliyelia gari hili likiondoka.
Ningetaka kumuuliza yeye.

Usiku nikafungua daftari.
Bei, bima, betri, mkopo wa chama miezi arobaini na minane.
Nikajumlisha mara mbili, nikapata majibu mawili.
Na mama, ambaye ndiye safari yenyewe,
Jumanne na Ijumaa, damu ipite kwenye mashine irudi,
nilikuwa sijamuuliza.

Jumamosi nikamchukua.
Hakutazama rangi. Injini hakuitaja.
Alifungua mlango, akageuza mgongo, akakaa,
kisha akainua miguu kwa mikono, mmoja,
akapumzika,
halafu wa pili,
kama anayepakia mzigo wa mtu mwingine.
La kwanza: Hapa mtanichimbua kwa jembe.
La pili: Hili na ngazi yake lini?
La umeme, muuzaji akabonyeza kitu,
akasema, limewaka, mama.
Limewaka wapi?
Akaweka kiganja juu ya dashibodi
kama anayepima homa.
Baba yako alikuwa na Pijo, akaniambia mimi, si muuzaji.
Ikikohoa pale kona ya shule
ndipo nabandika maji ya ugali.
Hili nitajuaje umekuja?
Nikamwambia, nitapiga simu.
Haya, akasema,
kwa sauti ya mtu aliyepunguziwa bei
ya kitu asichokitaka.

Jua lilikuwa limeshapanda kokoto zikawaka
tulipofika kwa sungura wa sikio moja.
Akakaa. Miguu ikaingia yenyewe, karibu yenyewe.
Akaegemea. Akafumba macho.
Nikamweleza yote: breki, kilomita za uongo,
betri ya miaka tisa, redio ya Mutheki.
Kijana wa viatu vya ncha ameshika mlango
akingoja ateremke afunge.
Mama hakufumbua macho.
Mwambie apunguze, akasema,
na mkanda akauvuta, akaufunga.