Maji Baridi

Mhubiri wetu kule Wundanyi hakuwahi kuiona theluji,
lakini aliitaja kama mtu anavyomtaja jirani.
Mtakuwa weupe, alisema, weupe pe,
nasi watoto tukawaza unga wa sima
umemwagika mbinguni.

Mimi nimeiona. Miaka kumi na mmoja hapa Winnipeg
nimeikwangua kwenye kioo cha gari,
nimeteleza juu yake nikiwa na mayai mkononi.
Haisafishi, Mchungaji.
Inafunika.
Kinyesi cha mbwa, vichungi vya sigara,
glovu moja ya mtoto,
vyote viko chini palepale,
nawe unapita juu yake na viatu vya kanisani
ukisema, tazama, mji umetakata.

Hivyo ndivyo nilivyoishi tangu Januari.

Nilikuwa mweka hazina. Daftari la mistari ya buluu,
bahasha ya kaki, majina kwa mwandiko wangu mzuri:
mchango wa kumsafirisha Mghanga hadi Voi.
Dola mia sita na arobaini hazikufika.
Tanuru la nyumba lilikuwa limekufa,
mwanangu analala na koti na kofia,
nikajiambia, nitarudisha Ijumaa.
Ijumaa ikaja na ndugu zake.

Jeneza lilisafiri, ndiyo. Mjane alikopa
kwa dada yake wa Brandon,
kisha akaniandikia kunishukuru
kwa kazi kubwa niliyoifanya.

Nililia. Msidhani sikulia.
Kila Jumapili, safu ya tatu, machozi ya moto,
mikono juu, sauti imekwaruza,
hadi mama mmoja akanipa leso
akasema nimejaliwa roho ya toba.
Nikajifuta. Nikaenda ukumbini kula sambusa.

Usiku nafua mashuka ya hospitali.
Teresita, aliyenifundisha kazi,
alinidaka mkono wiki ya kwanza
nilipofungulia bomba jekundu.
Damu usiitie maji moto, alisema.
Utaipika. Itaingia kwenye uzi
na klorini yote ya Kanada haitaitoa.
Damu inataka maji baridi,
na mapema, na mikono yako mwenyewe.

Mwezi Machi, saa tisa za usiku,
nimeshika shuka la mtu nisiyemjua,
doa lenye upana wa kiganja,
maji yananiuma hadi kwenye viwiko.
Nilisugua. Likafifia likawa waridi,
likawa kivuli.
Nami nikasimama pale, mashine zinanguruma,
nikaona nilichokuwa nikikipika
kwa miezi mitatu, safu ya tatu.

La kuvunda halina ubani.
Sikupiga magoti. Nilichukua zamu za ziada,
Jumamosi, sikukuu, zamu ambazo hata Teresita hazitaki,
nikahesabu, nikahesabu tena.

Aprili theluji ikaanza kusema yote iliyoyajua.
Barabara ya Sargent ilikuwa tope na taka,
glovu ya mtoto ikatokea kando ya kituo cha basi,
vidole vimetanuka kama inaomba kitu.
Nilitembea. Noti za hapa ni za plastiki, hazilowi;
aliyelowa ni mimi, hadi kwenye soksi.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Yalikuwa mengi,
yenye tanuru, yenye mtoto, yenye baridi ya Januari.
Wakio akafungua mlango akiwa na mwiko mkononi,
na kati ya yote lililotoka ni moja tu:
Ni mimi.

Hakupokea bahasha. Aliitazama,
akanitazama, kitambo kirefu.
Chungu kilikuwa kinatokota nyuma yake.
Sikujua kama mlango ungefungwa,
wala sikuwa na haki ya kuuliza.

Nilijua tangu siku tuliyozika, akasema.
Kisha akasogea kando kidogo,
kiasi cha mtu mmoja kupita.

Vua viatu, akasema.
Unanichafulia zulia.