Majina Yangu Arobaini na Moja

Sajini Barreiro, mtoto wa mchinjaji wa Paysandú,
alizibwaga barua mezani kama matumbo.
"Hawa ni nani kwako?"
Sikuwajua.

Nilikuwa Eulogia Iturralde, mpanga herufi wa gazeti lililofungwa,
namba mia tatu na sita kwa mwaka wa pili.
Bahasha zikaniita Eulalia,
Elogia, Bwana Iturald, Mpendwa Ulogi.
Mtoto wa Osaka alinichorea paka,
akaliandika jina langu kwa brashi,
nisilione kichwa wala miguu.

Bi Geertje wa Groningen hakudai mapinduzi.
Aliuliza: kwa heshima, Mkuu wa Gereza,
mfungwa huyu ana blanketi?
Wiki iliyofuata akauliza tena.
Na tena.
Kidole kisichobanduka kwenye kengele.

Kazi yangu ilikuwa kusahihisha;
herufi moja ikipinda, nilikosa usingizi.
Zile sikuzigusa.
Usiku niliyahesabu: majina arobaini na moja,
yote yamekosewa,
yote yananiita mimi.

Blanketi lilikuja Julai, kipupwe kikiuma.
Lilikuwa na tundu.
Sajini alilirusha bila kunitazama,
akanong'ona kama anayekiri wizi:
"Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, baba alisema.
Sikujua kwamba hata kumfungua kamba
kunataka wengi."

Leo, jikoni kwangu Montevideo, sufuria inachemka.
Nina kalamu, na jina la mtu wa mbali
lenye konsonanti nne zilizobanana kama abiria.
Nitalikosea.
Naandika.