Ghorofa ya Pili

Baba aliacha nondo kumi na mbili zimesimama juu ya paa,
vidole vya kutu vikiomba ghorofa.
"Karafuu zikizaa," alisema.
Zikazaa; akaniozesha.
Zikazaa tena; akavunjika mguu.
Mwaka wa tatu hazikuzaa.

Chini ya zege hilo nashona.
Wete, mtaa wa Jadida, chumba kimoja, cherehani mbili.
Kaskazi ikikaza, kuta hunywa jua mchana kutwa
na usiku hulitapika.
Feni inakula Tukuza,
inanirudishia upepo wa jikoni.

Ndipo nikamwita fundi Shaame.
Akagonga zege kwa nyundo, sikio chini kama mkunga.
"Litabeba udongo shibiri moja.
Ukizidisha, utashona ukiwa kaburini."

Nailoni nzito, tabaka mbili. Kokoto.
Makumbi ya nazi. Kisha udongo wa Limbani,
viroba sitini, ngazi moja, wapwa zangu wanne
na sufuria ya pilau kuwatuliza.
Bi Mize wa jirani akatoa kichwa dirishani:
"Mnamzika nani huko juu?"
Tukacheka. Baba hakucheka.

Mchicha ulikufa wote, sisemi uongo.
Likabaki tako la hasani, nene, halijali,
na rehani, na nyasi ambazo sikuzipanda.
Kunde zikaparamia nondo, zikaificha kutu.
Wakahamia wapangaji: chozi, mjusi, nyuki wadogo,
kodi hawajui hata inaitwaje.

Masika yakaja.
Zamani maji ya paa letu yaliruka kwa pamoja
hadi kizingitini kwa Bi Mize, na ugomvi juu yake.
Sasa mvua hupiga, hunyamaza,
na paa bado linadondosha, tone, tone,
kama mgeni aliyeaga na hatoki mlangoni.
Bi Mize anakinga ndoo.
Haulizi tena habari za maiti.

Feni naizima saa nne za usiku.
Kitambaa hakininati tena mapajani.

Jana baba alipanda ngazi, mguu mbovu mbele,
futi mfukoni.
Akapima kutoka nondo hadi nondo, midomo ikihesabu.
"Hapa kingekuwa chumba changu," akasema,
"na hapa mlango."
Akayatazama majani kitambo.
Kisha akavua malapa,
akasimama pale penye mlango,
akapiga hodi.