Valvu ya Kushoto

Niliondoka Gaiman kabla mwokaji hajawasha tanuri,
keki nyeusi nimeifunga kwa taulo, taulo kwa nailoni,
nailoni kwa kamba ya kiatu, nyuma ya kiti.
Petroli lita tano ndani ya dumu la maziwa.
Mama hakutoka kuniaga. Alisimama jikoni
akisugua sufuria iliyokwisha takata.

Miaka arobaini na saba, na sijapata kulala
mahali pasipo na mtu anayejua jina langu.
Pikipiki ni ya Ithel. Silinda mbili, kongwe.
Aliiacha bandani alipohamia milimani,
kabla kiharusi hakijamnyang'anya mkono wa kulia
na nusu ya maneno.
Nilijifunzia usiku, njia ya mfereji,
nikianguka bila shahidi ila mabata.

Dolavon. Kisha nyumba zikakatika
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.
Kisha upepo.

Nilidhani naujua: nimeukimbiza na nguo zangu za kamba,
nimeufungia madirisha tangu utotoni.
Kumbe. Huku hauvumi, huku unasukuma,
unakuegemea begani kama mlevi mwenye siri,
nami nauegemea, tunakwenda upandeupande,
wawili tusiopendana tuliopangishwa chumba kimoja.
Lori likipita, ukakatika ghafla,
nusura nianguke kwa kukosa wa kunisukuma.

Las Plumas: maji, choo, mbwa mmoja.
Kijana wa pampu akatazama barabara nilikotoka.
"Wenzako wako wapi?"
Nikageuka kutazama, mimi pia.

Waliosema msafiri kafiri hawakunisikia
nikimlilia Mungu kwa lugha tatu:
Kiwelisi cha kanisani, Kihispania cha sokoni,
na ya tatu ni matusi.

Los Altares, majabali mekundu yamesimama wima
kama walimu waliokaza midomo.
Niliegesha nipige picha. Sitendi ikazama kwenye changarawe.
Taratibu, kwa adabu zote, pikipiki ikalala.
Nikavuta. Nikavuta tena. Nikaketi kando yake
nikala kipande cha keki kwa hasira.
Guanako saba kilimani, shingo ndefu, masikio wima,
walinitazama mpaka nikamaliza.

Anselmo Nahuelquir, dereva wa lori la sufu, akasimama.
Hakucheka.
"Ipe mgongo," alisema. "Chuchumaa. Shika usukani.
Nyanyua kwa miguu, usinyanyue kwa moyo."
Kisha akatia mikono yake mfukoni
na mikono ikabaki humo.
Ikainuka. Sijui kwa nguvu au kwa aibu.
Alipiga honi mara mbili, akaondoka polepole,
nami nikafuata taa zake nyekundu hadi Paso de Indios,
ambapo alikata kushoto bila kuaga.

Tecka, jua linazama, vidole si vyangu tena.
Kiyoo cha pembeni kililegea, kikanionyesha
kidevu changu tu, njia nzima hadi Trevelin.

Lango linalia kama zamani.
Ithel yuko barazani, blanketi magotini.
Nilikuwa nimeyatunga maneno tangu Dolavon:
kwamba miaka sita, kwamba Mama, kwamba mimi pia.
Nikafungua mdomo injini ikiwa bado inanguruma.
Akainua mkono wa kushoto, ule uliobaki wake,
kuninyamazisha.
Akafumba macho. Akasikiliza.
Neno likamtoka kwa taabu,
kama kondoo anayejipenyeza tundu la ua:
"Valvu. Ya... kushoto. Inagonga."

Nikazima. Kimya kikatujia chote kwa pamoja.
Akaonyesha kwa kidevu droo ya spana.

Lakini valvu hairekebishwi injini ikiwa moto,
hilo hata mimi nalijua.
Basi nikafungua kamba ya kiatu, nailoni, taulo.
Keki ilikuwa imegeuka unga.
Tuliila kwa kijiko kimoja, yeye akimwaga nusu,
tukingoja chuma kipoe.