Birika la Ukurasa wa Saba

Kibanda changu cha Isevya kina soketi kumi na mbili,
kumi zinafanya kazi.
Simu za tochi zinalala kifudifudi zikinywa umeme
na wenyewe hawaondoki. Wanaizunguka simu yangu,
maana wiki hii tena
Bibi Zebaki hajasema anataka nini.

Tunamjua kwa picha tu: vidole vya shaba,
korongo wa chuma begani anayepumua mvuke,
na ule mji wake wa masizi, ambako hata mvua
hupandishwa kwanza kwenye bomba ndipo ishuke.
Kanunua saa zote za mji. Zote,
hata ile ya sokoni iliyokufa zamani.
Kang'oa mishale, kaitia tanuruni.
Kisha ukurasa wa saba: chumba kitupu,
dirisha wazi,
birika linachemka.
Itaendelea.

Nani kaliacha birika?

Kapela, fundi breki wa karakana ya reli,
anafuta grisi kwenye suruali, anakohoa,
anaghani kama kaitwa harusini:

   Saa zote kanunua, mishale kaiyeyusha,
   Garimoshi likitua, nani atalihamisha?
   Hakuna atayejua, kama siku imekwisha,
   Muda atautanua, kisha atatukodisha.

"Umelisahau birika," anasema Nsungwa,
ambaye ndoo zake za asali ya Sikonge
zinakaa mlangoni pangu zikikusanya nyuki.
Kwake kila njama huanza na mnunuzi
anayekuja na mizani yake mwenyewe.
"Anachemsha nta. Atauziba mji masikio,
ndipo atakapofanya alilokusudia. Nawajua watu hao.
Mmoja alinipimia mwezi wa Juni."

Sizya, kidato cha tatu, wino kwenye sketi,
anaikuza picha kwa vidole viwili
mpaka inakuwa vibox vibox vya rangi.
"Tazameni. Pazia linapepea kulia,
mvuke unaegemea kushoto.
Huo si wa birika. Kuna mtu anapumua."

Tukanyamaza.
Vichwa vinne juu ya kioo kimoja chenye ufa,
tukimtafuta mtu asiyechorwa.

Mwalimu Kilumbi wa fizikia akaja kununua vocha,
akachungulia, akasema korongo wa uzito ule
hawezi kuruka.
Tukampa chenji yake.

Sasa niseme.
Ukurasa wa nane umetoka tangu Alhamisi.
Niliusoma usiku wa manane, umeme umekatika,
bando ni langu, giza ni la wote.
Najua nani kaliacha birika.
Najua ile mishale imeyeyushwa iwe nini,
na korongo alikuwa anamtazama nani siku zote hizi.
Jibu lenyewe dogo. Linaenea kiganjani.

Asubuhi nikawaambia mtandao unasumbua.
Jana nikawaambia mchoraji anaumwa.
Siku tatu sasa, kama bibi yule,
nimeshika mishale ya saa ya watu
na natabasamu.

Lakini mngekuwepo Jumamosi!
Kapela kaacha zamu ikampita,
Nsungwa kafungua matobolwa yake tukagawana,
treni ya Kigoma ikapiga honi, imechelewa saa tano,
na hakuna aliyeinua kichwa,
kwa kuwa wakati huo Bibi Zebaki
alikuwa pacha wa mfalme, alikuwa mjane wa fundi saa,
alikuwa birika lenyewe.
Ningewapa jibu, wangelikunja, wangekwenda nalo makwao.
Ningebaki na soketi.

Leo Sizya kafika kabla ya wengine.
Kanitazama kwa muda.
"Wewe umeshasoma."
"Sijasoma."
Akaitazama chupa yangu ya chai, kifuniko pembeni,
mvuke ukiegemea kushoto.

"Haya," akasema, akavuta stuli.
"Tuseme birika si lake."